Ulezi wa Wanovisi Si Kazi ya Ziada

Barua yangu ya uteuzi ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema kwamba kuanzia mwezi uliofuata ningekuwa mlezi wa wanovisi, yaani vijana walio katika kipindi cha majaribio ya utawa kabla ya nadhiri za kwanza. Ya pili ilisema ningeendelea kutunza vitabu vya hesabu vya shule yetu ya awali mpaka apatikane mwingine. Ya tatu ilinitakia baraka. Nilikuwa na diploma ya uhasibu, miaka minne tangu nifunge nadhiri za daima, na majuma mawili ya kujiandaa. Wanovisi walikuwa kumi na mmoja. Huyo "mwingine" wa shule ya awali alipatikana baada ya miaka mitatu.

Sisimulii haya ili kulishtaki shirika lililonilea na ninalolipenda. Nimeketi na walezi wa mashirika mengi, ya kike na ya kiume, na barua zao zinafanana na yangu. Mmoja alipewa wanovisi pamoja na zahanati. Mwingine alipewa pamoja na parokia yenye vigango saba. Mwingine alipewa pamoja na mradi wa kuku wa nyama, kwa sababu nyumba ya malezi ilitakiwa ijilishe yenyewe. Tumeizoea hali hii mpaka hatuoni tena kwamba kuna kosa. Mimi naona lipo, tena kubwa. Mengi tunayoyanong'ona kuhusu utawa katika Afrika Mashariki leo, watawa wanaoondoka mwaka mmoja baada ya nadhiri za daima, wakubwa wanaotawala kwa vitisho, jumuiya ambazo watu wanne wanakula meza moja bila kusemeshana, yana mzizi hapo: ulezi tumeufanya kazi ya ziada, na mlezi tunamtuma akatoe kitu ambacho hatujampa nafasi ya kukipokea.

Kanisa halikuliacha jambo hili kwenye hiari ya kila shirika. Kanuni ya 651 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, ibara ya tatu, inataka malezi ya wanovisi yakabidhiwe kwa watawa walioandaliwa kwa uangalifu na wasiolemewa na majukumu mengine, ili watimize kazi yao kwa matunda na kwa namna ya kudumu. Huo si ushauri wa wazee, ni sheria. Jirani yake, kanuni ya 648, inadai miezi kumi na miwili ya unovisi ndipo unovisi uwe halali, na hiyo kila mkuu wa shirika anaijua kwa moyo. Tunahesabu siku. Novisi akienda kumzika baba yake tunaandika tarehe aliyotoka na tarehe aliyorudi, tusije tukaharibu nadhiri zake. Kanuni inayohesabika kwa kalenda tunaitii kwa hofu na kutetemeka. Inayomhusu mtu, namna alivyoandaliwa na muda alionao, tunaipita kama kibao cha njiani, kwa sababu kuivunja hakubatilishi kitu ambacho katibu wa shirika anaweza kukiona kwenye faili.

Tena si jambo la juzi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya sita na inayoongoza hadi leo maisha ya watawa Wabenedikto wa Peramiho, Ndanda, Hanga na Chipole hapa Tanzania, inaagiza katika sura ya 58 kwamba wanovisi wawekewe mzee anayefaa kuzivuta roho, awaangalie kwa makini yote. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hilo kwa maneno mengi. Mwali hakukabidhiwa kwa mwanamke yeyote aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Kungwi alijulikana. Alikuwa amekaa miaka nyuma ya makungwi wakubwa akisikiliza, alikuwa na kifua cha kuweka siri, na mwenendo wake mwenyewe ulikuwa umetazamwa na mtaa mzima. Sisemi unyago na unovisi ni kitu kimoja. Nasema bibi zetu wasingekubali kumkabidhi binti wa watu kwa mtu aliyeteuliwa kwa kuwa ratiba yake ilikuwa na upenyo.

Najua jibu litakalotolewa, maana nimelisikia kwenye mikutano mingi: walezi wa zamani hawakusoma saikolojia, na bado walitulea tukawa watu. Ni kweli, na wengine wao walikuwa watakatifu. Lakini tuwatazame vizuri walivyokuwa. Sista aliyenilea mimi alikuwa msaidizi wa mlezi kwa miaka minane kabla ya kuwa mlezi. Alilima na sisi, alipika na sisi, alisali na sisi tangu alfajiri, na hakuwa na ofisi nyingine popote. Wasichana walitoka vigango ambavyo padre aliwajua wazazi wao kwa majina, na barua ya paroko ilikuwa na uzito kwa sababu alikuwa anaandika juu ya mtu aliyembatiza. Hata mashirika yetu ya kwanza ya wazalendo, kama Bannabikira wa Uganda walioanza mwaka 1910 chini ya uongozi wa masista wamisionari, hayakuwaacha vijana mikononi mwa mtu mwenye shughuli nyingine tano. Huo ulikuwa uanagenzi. Haukuwa na cheti, lakini ulikuwa mafunzo ya miaka. Sisi tumeuondoa uanagenzi ule na hatujaweka kitu mahali pake, kisha tunawatumia wazee wale wale kama hoja ya kutokuandaa mtu.

Nataka kukaa kidogo kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja, kulea, kwa kitoto kichanga, kwa yatima, kwa mseminari, na kwa mwanamke wa miaka ishirini na saba mwenye shahada ya uuguzi aliyeomba kuwa mtawa. Nalipenda neno hili. Lina subira ndani yake, lina mgongo na mbeleko, na linatukumbusha kwamba hatuzungumzii darasa. Lakini lina hatari ambayo mlezi asiyeandaliwa haioni. Anamchukua yule muuguzi aliyekuwa akisimamia wodi ya watu arobaini usiku, na ndani ya miezi mitatu anamfanya aombe ruhusa ya kipande cha sabuni kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Anaita hiyo unyenyekevu. Na yule dada, kwa kuwa anautaka utawa kwa moyo wake wote, anajifunza haraka sauti ile na anaitumia mpaka siku ya nadhiri za daima.

"Samaki mkunje angali mbichi." Nimeiona methali hii imeandikwa ukutani kwenye chumba cha chakula cha nyumba ya malezi, kwa herufi kubwa za rangi ya bluu. Lakini kijana anayebisha hodi kwetu leo si samaki mbichi. Amekwisha kunjwa na mengi: na baba aliyeondoka, na mjomba aliyemtesa, na shule ya bweni, na simu, na mapenzi yaliyovunjika, na mazuri pia, na bibi aliyemfundisha rozari. Ukimkunja kwa nguvu juu ya mikunjo hiyo, atakaa ulivyomkunja muda wote mkono wako ukiwa juu yake. Mkono ukiondoka, anarudi alivyokuwa. Ndipo tunaposhangaa: "Huyu alikuwa mtulivu mno unovisini!" Alikuwa amejificha, na mlezi wake hakuwa na macho ya kumwona, au alimwona akashukuru kwamba angalau yeye hamsumbui.

Papa Fransisko alipozungumza na wakuu wa mashirika ya kiume mwezi Novemba 2013, alisema jambo ambalo lilisambaa sana kwa sababu ya ukali wake: malezi yasipogusa moyo tunaunda vijizimwi, na vijizimwi hivyo baadaye ndivyo vinavyolilea taifa la Mungu. Alisema wazo hilo linamsisimua mwili. Watu wengi walicheka walipolisoma. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa mwaka wa tano wa ulezi na nilikuwa nimeanza kuona sura yangu mwenyewe katika vijana niliowapeleka kwenye nadhiri.

Na kazi yenyewe imebadilika. Chukua jambo moja tu la kila siku. Binti amemaliza chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, anaomba kuingia. Kanuni ya 644 inakataza kumpokea unovisini mtu mwenye madeni asiyeweza kuyalipa. Je, afanye kazi kwanza alipe? Kwa miaka mingapi? Shirika limlipie, na akiondoka? Wazazi wake waliouza ng'ombe wawili ili asome wanasemaje? Mlezi anayejibu kwa kubahatisha anaweza kuua wito wa kweli, au akaingiza nyumbani kijana ambaye kila mwezi moyo wake uko kwenye ujumbe wa simu kutoka kwa mdogo wake anayedaiwa ada. Hapo hatujafika kwenye suala la kabila katika nyumba ambayo wanovisi wanatoka Kagera, Mbeya, Bujumbura na Bukavu, na mlezi ni wa kabila lenye wengi shirikani. Wala hatujafika kwenye simu yenyewe, ambayo ingehitaji makala yake.

Tumefika kwenye jambo zito zaidi. Tarehe 5 Februari 2019, ndani ya ndege akitoka Abu Dhabi, Papa Fransisko alikiri hadharani kwamba wapo mapadre na maaskofu waliowadhulumu masista kimwili, na kwamba tatizo halijaisha. Mwezi Mei mwaka huo huo alitoa sheria ya namna ya kupokea na kushughulikia mashtaka ya dhuluma, nayo inawahusu pia watawa. Sasa mfikirie mlezi wa wanovisi, jioni, binti anabisha mlangoni, anakaa, hasemi kitu kwa robo saa, kisha anasema sentensi moja. Mlezi atakachofanya katika dakika kumi zinazofuata kinaweza kumjenga au kumbomoa yule binti maisha yake yote. Anaweza kumwambia "tusali". Anaweza kumuuliza "ulivaa nini". Nimewahi kusikia yote mawili yakisimuliwa na watu walioambiwa. Walioyasema hawakuwa waovu. Walikuwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kusikia, na baadhi yao walikuwa wamebeba sentensi ya namna hiyo hiyo moyoni mwao tangu ujana bila kuitamka.

Hapo ndipo napotaka wakuu wetu wanielewe vizuri, maana mara nyingi tunaposema "walezi waandaliwe" wanaelewa "wapelekwe shule". Shule ni njema. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Tangaza, kilichoanza mwaka 1986 kama juhudi ya pamoja ya mashirika ya kitawa, na kuna Chemchemi ya Uzima, kituo cha malezi ya kiroho. Roma, katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, taasisi ya saikolojia ilianzishwa mwaka 1971 na Mjesuiti Luigi Rulla na wenzake kwa hoja kwamba mtu anaweza kuwa na nia njema kabisa ya kumfuata Kristo huku mahitaji asiyoyajua yakimvuta upande mwingine. Hoja hiyo inamhusu mlezi kabla haijamhusu novisi. Mlezi anaweza kusoma hatua zote za ukuaji wa binadamu, akafaulu kwa alama za juu, akarudi akiwa na msamiati mpya wa kuwapiga nao vijana. Zamani alisema "una kiburi". Sasa anasema "hujakomaa kihisia".

Mimi nilipelekwa kozi ya miezi tisa nikiwa nimeshalea kwa miaka sita. Ilichelewa, lakini ilikuja. Majuma ya kwanza nilijaza daftari kwa ajili ya wanovisi: hili nitawafundisha, hili nitalibandika ukutani. Mwezi wa tatu mwezeshaji alitupa karatasi kubwa tuchore ukoo wetu vizazi vitatu: nani alikufa lini, nani alikuwa anasema na nani, nani alikuwa hatajwi. Nilichora haraka. Kisha akaniuliza swali dogo: baada ya mama yako kufariki, nani alikuwa anagawa chakula nyumbani? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nagawa mimi. Wadogo zangu walikuwa wanne, na sukari ilikuwa ya kuhesabu kijiko.

Nililia siku mbili. Kwa miaka sita unovisini nilikuwa nahesabu sukari. Kabati la chakula lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikaa shingoni mwangu pamoja na msalaba. Nilikuwa na maelezo ya kiroho kabisa: nadhiri ya ufukara, maisha ya kiasi, mfano wa mwanzilishi wetu. Wanovisi walikuwa wananiogopa kwenye jambo hilo kuliko jambo lolote, na mimi nilikuwa naamini nawafundisha kujinyima. Hakuna mhadhara wa nadhiri ya ufukara ambao ungenionyesha hilo. Ilihitaji muda, mtu wa kuniuliza, nafasi ya kulia bila kuogopa kwamba kengele ya masifu ya jioni ingenikuta na macho mekundu mbele ya watu ninaowalea, kisha siku thelathini za Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi, ambamo kwa mara ya kwanza tangu utoto nilikaa mbele ya Mungu bila kumhesabia mtu kitu.

Hicho ndicho ninachokiita upyaisho. Wosia wa Kitume wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1996 kuhusu maisha ya wakfu unasema kwamba mlezi hasa ni Mungu Baba, na kwamba walezi wa kibinadamu wanapaswa kuwa wazoefu wa njia ya kumtafuta Mungu ili waweze kuwasindikiza wengine. Uzoefu wa njia una maana ya kuipita njia, na miguu kuchubuka. Anayeona upyaisho huo kuwa anasa ya Wazungu aulize wanovisi wa mlezi aliyeupata.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na sijasikia likisemwa vya kutosha. Kozi nyingi za namna hii katika ukanda wetu zinafundishwa kwa Kiingereza. Kwa sista wa Kenya aliyesoma kwa lugha hiyo tangu utoto huenda si shida. Lakini yapo mashirika mengi ya Tanzania ambayo maisha yote ya kiroho yamekwenda kwa Kiswahili: sala, katiba, mafungo, maungamo, barua za mwanzilishi zilizotafsiriwa. Sista wa hapo akienda kozini anatumia nguvu zake kutafuta neno. Niliona mwenzangu mmoja, mwanamke mwenye hekima nyingi, akikaa kimya kwenye kikundi kwa miezi miwili. Wenzake walidhani hana la kusema. Siku moja jikoni alinieleza kwa Kiswahili juu ya fundo alilokuwa nalo moyoni dhidi ya dada yake marehemu, na kinyongo kilivyomfanya awe mkali kwa novisi fulani mwenye sura ya dada yule. Alikuwa ameona kila kitu. Hakuwa na lugha ya kukitolea. Kinyongo, fundo, donge, kijicho, haya, simanzi: Kiswahili kina ramani nzuri kabisa ya moyo, na tunamlazimisha mtu aiache nyumbani aende kuchunguza moyo wake kwa lugha ya kukopa. Mashirika yakiungana yanaweza kuendesha kozi ya upyaisho kwa Kiswahili, hapa hapa, ikiongozwa na watawa wetu waliosomea mambo haya Nairobi na Roma. Ushirikiano wa malezi kati ya mashirika Kanisa limekwisha kuutolea mwongozo maalumu tangu mwaka 1998. Wataalamu tunao. Wengi wao tumewapa kazi ya ukuu wa shule.

Tunafika kwenye fedha na watu. Shirika dogo lina masista wachache wenye nadhiri za daima, na kila mmoja ameshika kazi mbili. Ukimtoa mmoja mwaka mzima kwa maandalizi, zahanati inafungwa au shule inaajiri mtu wa kulipwa. Hili ni tatizo la kweli na silidharau. Nimekaa kwenye halmashauri ya shirika, nimeona hesabu. Nimeona pia kwamba fedha ya kupiga bati jengo la hosteli hupatikana, hata kwa kukopa, kwa kuwa hosteli itaingiza kitu. Wafadhili nao wamefanya mengi mazuri: mipango ya kuwapa masista wa Afrika elimu ya juu na mafunzo ya uongozi, kama ile inayoendeshwa na ASEC, shirika la kuwaelimisha masista wa Afrika, tangu mwaka 2007, imeinua maelfu ya wanawake hawa na inastahili shukrani. Lakini hata huko, rahisi kuomba ni kile chenye cheti mwishoni. Ni nani ataandika ombi la fedha lisemalo kwamba sista fulani anahitaji miezi sita akae kimya, aongozwe, alale vya kutosha, aonane na mshauri kila juma, na asilete cheti chochote? Ombi hilo linapaswa kulipiwa na shirika lenyewe, kwenye bajeti yake, kabla ya hosteli.

Idadi pia inatudanganya. Mwishoni mwa mwaka 2022 masista wa Kanisa Katoliki duniani walikuwa 599,228, wakiwa wameshuka chini ya laki sita, huku Afrika wakipanda kutoka 81,832 hadi 83,190 ndani ya mwaka mmoja. Tunazisoma takwimu hizi kwenye magazeti ya Kanisa kwa fahari. Wanaoingia wakiwa wengi, wanaotoka hawatafutwi. Mwezi Januari 2017 Papa Fransisko aliita hali ya watawa wanaoondoka kuwa ni kutokwa damu, na dawa aliyoitaja ilikuwa kuwekeza katika kuwaandaa watu wenye sifa wa kuwasindikiza wengine. Ulaya walishtuka kwa sababu mwili umebaki mwembamba na damu inaonekana. Sisi bado mwili umejaa.

Na mlezi akimaliza muda wake? Hapa mazoea yetu yananisikitisha kuliko pengine popote. Baada ya miaka sita au tisa ya kusikiliza, ya kuandika taarifa zitakazoamua maisha ya watu, ya kumwambia kijana anayelia kwamba arudi kwao, ya kubeba siri ambazo hatamwambia mtu mpaka kaburini, anapewa barua ya uhamisho Jumatatu na Ijumaa yuko kwenye kituo kipya akihesabu dawa. Kanuni ya 661 inawataka wakuu wawapatie watawa nyenzo na muda wa malezi yao ya kudumu. Muda umetajwa kwa jina. Nabii Eliya alipofika chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea wala hakumpangia kazi. Alimgusa, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, na maneno ya Mungu yalikuja baadaye sana, mlimani. Nimewaona walezi wastaafu ambao hakuna aliyewagusa. Wengine wamekuwa wakali. Mmoja ninayemfahamu haingii tena kwenye nyumba ya malezi hata kwa sherehe za nadhiri. Husimama nje kwenye gari.

Mwaka huu mashirika kadhaa ninayoyajua yana Mkutano Mkuu. Ombi langu kwa wajumbe ni dogo kiasi kwamba linaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa maazimio. Asiteuliwe mlezi ambaye hajakaa angalau miaka miwili kando ya mlezi mwingine na mwaka mmoja wa kujitazama mwenyewe. Barua yake ya uteuzi iwe na kazi moja. Awe na mtu nje ya shirika wa kumsikiliza kila mwezi, anayelipwa na shirika, asiyeandika taarifa kwa yeyote. Akimaliza, apumzike miezi isiyopungua sita. Wajumbe wakisema haiwezekani, wasome kanuni ya 651 kwa sauti mbele ya mkutano, kisha wapige kura.

Kati ya wanovisi wangu wale kumi na mmoja, tisa walifunga nadhiri za kwanza, na leo wanne bado ni watawa. Mmoja wa walioondoka ni mkunga katika hospitali ya wilaya. Alinitembelea mwaka jana na mtoto wake wa miaka mitatu. Nilimwekea chai, nikaisogeza bakuli ya sukari upande wake, na mkono wangu ukatetemeka. Nilimwomba msamaha kwa habari ya kabati na ufunguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamfuta mtoto mdomo, kisha akaniuliza kama mlezi wa wanovisi wa sasa anashinda nyumbani nao mchana, au naye ana ofisi mjini.